Nikubali Ombi la Nisiyemjua?

Wiki hii, katika maombi yanayosubiri jibu langu kwenye LinkedIn, yumo dalali wa malori wa Lubumbashi, mhitimu wa uhasibu wa Iringa anayetafuta kazi, muuza matairi wa China, mama mmoja wa Mombasa anayegomboa mizigo Kilindini kama ninavyogomboa mimi hapa Dar es Salaam, na mwanamke anayejiita mshauri wa uwekezaji, mwenye picha safi sana na kampuni ambayo sikuipata popote nilipoitafuta. Hata mmoja wao sijawahi kumtia machoni.

Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yetu iko Kurasini, na kazi yetu ni kumtolea mtu mzigo wake bandarini bila mwenyewe kufika: tunashughulikia nyaraka, ushuru na tozo, tunahakikisha kontena limepanda lori, na lori limeshika njia ya Morogoro mpaka Tunduma, livuke kwenda Zambia na Kongo. Wateja wangu wengi tulianza bila kujuana. Ndiyo maana swali ambalo vijana wa ofisini huniuliza kila mara, "Dada, huyu simjui, nimkubali au nimwache?", kwangu ni swali la riziki. Jibu ninalo, na nitalitoa pamoja na sababu zake.

Kwanza niwaeleze wasioujua mtandao huu. LinkedIn ulianzishwa na Reid Hoffman na wenzake huko California mwishoni mwa 2002, ukafunguliwa kwa watu wote Mei 2003, kabla Facebook haijakuwapo. Microsoft waliununua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na mwaka 2023 ulitangaza kwamba umepita wanachama bilioni moja. Mtu huweka humo wasifu wake wa kazi: alikosoma, alikofanya kazi, anachokijua. Akitaka kuwa karibu nawe hukutumia ombi la kuunganishwa. Ukikubali, atayaona unayoandika na ataweza kukutumia ujumbe moja kwa moja. Usipobadilisha mipangilio, ataiona pia anwani yako ya barua pepe, namba ya simu kama uliiweka, na orodha nzima ya watu wengine ulioungana nao. Wengi hawalijui hili la orodha. Nitalirudia, kwa sababu limewaumiza watu.

Wenye mtandao wenyewe hushauri uungane na watu unaowajua na kuwaamini tu. Hao hao wamemruhusu mtu mmoja kuwa na watu hadi 30,000. Robin Dunbar, mtaalamu wa Uingereza, alikadiria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kuwa na uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Nani basi anawajua na kuwaamini watu 30,000? Ushauri unasema jambo moja na mtandao umejengwa kwa jambo jingine, na mtumiaji ameachiwa aamue mwenyewe.

Mimi ushauri ule siufuati, na sababu kubwa ni vijana.

Sote tunajua kazi hupatikanaje hapa kwetu. Vijana wanaita koneksheni, wazee wanaita kujuana. Mara nyingi tangazo linatoka nafasi ikiwa tayari ina mwenyewe. Mtoto mwenye mjomba bandarini husikia habari ya nafasi ile mezani, anakula wali. Mtoto wa mkulima wa korosho wa Tandahimba, aliyesoma kwa mkopo wa bodi na kufaulu vizuri kumzidi yule wa mjomba, anaisikia miezi mitatu baadaye. Ukimwambia mtoto huyu aungane na watu anaowajua tu, utakuwa umemwambia aungane na wanafunzi wenzake, ambao nao wanatafuta kazi. Kwake yeye, mtu asiyemjua ndiye tumaini pekee lililobaki kwenye mtandao ule. Wenye wajomba hawauhitaji.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililipitia kabla ya intaneti. Nilizaliwa Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa namsaidia shangazi yangu kwenye mgahawa wake pale Uyole, cheti changu cha kidato cha sita kimelala sandukuni. Madereva wa malori ya masafa walikuwa wanakula pale. Mmoja wao nilimjua kwa jina tu na kwa chakula anachoagiza. Siku moja, wakati analipa, aliniambia kwamba kampuni inayompa mizigo huko Dar inatafuta karani mwenye mwandiko mzuri na asiyeogopa hesabu, akaniandikia jina la meneja kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Ndugu zangu wote walinipenda na waliniombea, lakini hakuna aliyekuwa na habari ya nafasi ile. Wote walikuwa Mbeya na walijua ninayoyajua. Dereva alikuwa anatoka kwingine.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alikwisha kulichunguza jambo hili, na makala yake ya mwaka 1973 imesomwa dunia nzima. Aliwauliza wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, kwamba habari ya kazi mpya waliipata kwa nani. Kati ya wale walioipata kupitia mtu wanayemfahamu, ni kama 17 tu katika kila mia waliosema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Karibu 56 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na karibu 28 mara chache sana, pengine mara moja kwa mwaka au pungufu. Maelezo yake yalikuwa yale yale ya dereva wa Uyole. Watu wako wa karibu wanazunguka humo humo ulimo, wanasikia unayoyasikia. Habari mpya huja na mtu wa mbali kidogo.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa zaidi wa aina hiyo, uliofanywa na watafiti wa LinkedIn pamoja na wenzao wa Harvard, Stanford na MIT. Unajua ile sehemu ya mtandao inayokuambia "watu ambao huenda unawajua"? Walikuwa wakibadilisha mapendekezo yake, wengine wakipewa watu wa karibu zaidi na wengine watu wa mbali zaidi, kwa zaidi ya wanachama milioni 20 katika muda wa miaka mitano. Wanachama hao hawakuambiwa kwamba wanajaribiwa. Hilo lilizua maneno, na mimi pia silipendi, kwa sababu riziki ya mtu si kitu cha kuchezewa kimyakimya. Ila matokeo yana faida kwetu. Watu wa mbali walisaidia zaidi kupata kazi kuliko watu wa karibu, lakini waliosaidia kabisa walikuwa wale wa umbali wa wastani, yaani mtu usiye na ukaribu naye lakini mna wachache mnaofahamiana nao wote wawili. Mtu wa mbali kupindukia, asiye na uzi wowote wa kumfikisha kwako, faida yake ilipungua.

Hapo ndipo niliposimama mimi. Ombi la nisiyemjua nalikubali ikiwa kuna uzi ninaouona: kazi zetu zinakutana, au tuna mtu wa kweli tunayemjua sote, au amesoma nilichoandika na amenieleza anataka nini. Asipokuwa na uzi, namwacha, hata awe na cheo cha namna gani.

Niwape mfano. Mmoja wa wateja wangu wa muda mrefu, mwenye malori wa Lubumbashi, alinijia kwa njia hii. Aliandika kwa Kiswahili cha kwao: "Jambo mama. Minatafuta mutu wa Dar mwenye anaweza kunitosheya mizigo." Yaani kumtolea mizigo. Nilifungua wasifu wake, nikausoma kuanzia chini kwenda juu. Ndivyo ninavyosoma wasifu wa kila mtu, kwa sababu juu ni mahali pa majigambo, na chini ndiko maisha yalikoanzia. Mtu wa kweli huwa na mwanzo mdogo. Huyu alianza kama karani wa duka la vipuri, akapotea kazini mwaka mzima, akarudi kama msimamizi wa magari ya mtu mwingine, ndipo akawa na yake. Wasifu wa uongo mara nyingi huanza juu moja kwa moja: mkurugenzi, kisha mkurugenzi mkuu.

Kisha nikaangalia tuna nani wa pamoja. Walikuwepo wachache, na mmoja nilikuwa na namba yake ya simu, wakala mwenzangu wa Nakonde, upande wa Zambia. Nilimpigia. Akasema, "Huyo namfahamu, huwa analipa, ila huchelewa." Hilo lilinitosha kuliko sifa zozote. Nilimwomba mwenyewe namba ya usajili wa biashara, ile ambayo Kongo wanaiita RCCM, akaituma siku ile ile. Na katika mazungumzo nilimuuliza magari yake yanakaa siku ngapi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku hizi. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu wenye hasira: foleni, dereva aliyeibiwa dizeli, karatasi iliyokataliwa kwa sababu ya muhuri. Tapeli hana malalamiko ya aina hiyo. Hajui panapouma.

Angalieni kwamba sikutosheka kuona tu kuwa tuna watu wa pamoja. Mwaka 2019 shirika la habari la AP lilifichua akaunti ya LinkedIn ya mwanamke aliyejiita Katie Jones, aliyedai kufanya kazi katika taasisi mashuhuri ya utafiti jijini Washington. Alikuwa ameungana na watu wazito wa siasa na uchumi wa Marekani. Katie Jones hakuwapo duniani. Hata uso wake ulikuwa umetengenezwa na kompyuta. Pengine mkubwa wa kwanza alimkubali bila kuangalia, wa pili akaona yupo wa kwanza, wa tatu akawaona wawili. Kila mmoja alimwamini mwenzake na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford waliripoti kuwa wamekuta akaunti zaidi ya 1,000 zenye nyuso za kutengenezwa kwenye mtandao huo huo. Kwa hiyo watu wa pamoja ni faida kama utampigia simu mmoja wao. Usipompigia, ni picha tu za pembeni.

Jambo jingine ninaloliangalia ni umri wa akaunti. Tangu mwishoni mwa 2022 LinkedIn imeweka kwenye wasifu mahali panapoonyesha mtu alijiunga lini na kama amethibitisha mawasiliano yake. Anayedai kuwa na miaka 20 katika biashara ya meli na akaunti yake ina wiki mbili, namwacha kwanza. Pengine ni mkweli na ndiyo kwanza anajiunga. Basi atarudi na maelezo.

Lakini kukubali ombi si mahali penye hatari kubwa. Nyumba zetu za pwani zina baraza, na mgeni anaweza kukaa barazani akanywa kahawa na kuzungumza mwezi mzima bila kuvuka kizingiti. Hivyo ndivyo ninavyowachukulia hawa. Hatari huanza mgeni anapoomba kuingia ndani, na huomba kwa namna zinazofanana. Anataka muhamie WhatsApp kabla hamjazungumza lolote la maana. Ana haraka: nafasi inafungwa leo, bei inapanda kesho. Anakutumia faili ulifungue. Au anataja pesa, ama anakupa nyingi kwa kazi isiyoeleweka, ama anakuomba kidogo kwa ajili ya kubwa itakayokuja. Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Hawa wa LinkedIn ni ndugu zake, wamevaa suti.

Kuhusu faili, msidhani linawahusu wazembe tu. Machi 2022 wezi waliiba zaidi ya dola milioni 600 za fedha za kidijitali kwenye mfumo uliokuwa ukiendesha mchezo mmoja wa kompyuta ulioundwa Vietnam. Polisi wa shirikisho wa Marekani, FBI, waliwataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Baadaye iliripotiwa kwamba mlango ulifunguliwa na mhandisi wa kampuni aliyefuatwa kwenye LinkedIn na waajiri wa uongo, akafanyiwa usaili, akapewa ofa nono, na ofa ile ilikuwa kwenye faili alilolifungua mwenyewe. Mtu huyo alikuwa fundi wa kompyuta.

Na wale walio kwenye ofisi za serikali, ulinzi au benki wajue kwamba hata majasusi wanaupenda mtandao huu. Aprili 2021 idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, MI5, ilitangaza kwamba Waingereza wasiopungua 10,000 walikuwa wamefuatwa kwa akaunti za uongo katika miaka mitano. Hakuna sababu ya kudhani wa kwetu hawafuatwi.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni kazi za ng'ambo. Kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiahidiwa na watu wasiowajua mitandaoni kazi ya kuhudumia wateja Thailand, kwa Kiingereza chao kizuri na ujuzi wao wa kompyuta. Tiketi hulipiwa. Wakifika huvushwa mto mpaka Myanmar, upande wa Myawaddy, na kufungiwa kwenye makambi yenye walinzi. Kazi wanayopewa ni kukaa mbele ya simu na kompyuta wakijifanya watu wengine, wawashawishi watu wa nchi za mbali kuwekeza fedha kwenye biashara za uongo. Wasiofikisha kiwango wanapigwa. Februari 2025, maelfu ya watu wa mataifa mengi walipotolewa kwenye makambi hayo, walikuwamo Wakenya, Waethiopia na Waganda.

Fikirini maana yake. Yule mshauri mrembo wa uwekezaji anayesubiri kwenye maombi yangu, mwenye picha safi na kampuni isiyopatikana, huenda nyuma yake amekaa kijana wa Kisii au wa Mbale, ana digrii, ana mama anayemsubiri, na naye aliingia kwenye mtego ule kwa kumwamini mtu asiyemjua. Ndiyo sababu nikimwacha sicheki. Nalikataa ombi, naripoti akaunti, basi.

Kijana anayeitiwa kazi na asiyemjua aanze na swali la pesa: nani analipa? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi. Ukiambiwa ada ya usajili, ya fomu, ya vipimo, ya "kuharakisha viza", simama hapo hapo. Hapa Tanzania uliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama kampuni hiyo ina kibali cha kupeleka watu nje. Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yenye orodha ya mawakala walioidhinishwa. Namba ya simu inayokusumbua kwa utapeli hapa nchini, iripoti kwa 15040. Hayo yote hayazidi asubuhi moja, na mwajiri mkweli atakusubiri asubuhi moja.

Sasa ile orodha ya watu niliyosema nitairudia. Katika biashara yetu upo wizi wa aina hii. Mteja anapokea barua pepe inayofanana kabisa na ya wakala wake, ina jina la meli sahihi na namba ya kontena sahihi, na chini imeandikwa kwamba akaunti ya benki imebadilika, malipo yapelekwe kwenye hii mpya. Wapo waliolipa ushuru wa mamilioni kwa mwizi, na mzigo ukabaki bandarini unahesabu siku za hifadhi. Mwizi amejuaje nani anafanya kazi na nani? Sehemu moja ya kujua ni pale pale. Anaomba kuungana na karani wa wakala, karani anakubali, mwizi anasoma orodha: mteja huyu, msambazaji yule, ofisa wa benki fulani. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, uifunge orodha yako ionwe na wewe peke yako. Ondoa namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Na ofisini kwetu sheria haina mjadala: hakuna mabadiliko ya akaunti yanayokubaliwa kwa maandishi. Unapiga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, unasikia sauti unayoijua.

Niseme na dada zangu. Wapo wanaume wanaoingia mtandao wa kazi wakitafuta mengine. Ujumbe wa kwanza unahusu mizigo, wa pili ni "umependeza kwenye picha", wa tatu ni "umeolewa?" Mimi nikiupata ule wa pili namwondoa, sina maelezo ya kumpa, na mtandao haumpelekei taarifa kwamba ameondolewa. Heshima yako haina haja ya kujadiliwa na mtu ambaye huna deni lake. Binti anayetafuta kazi ana wakati mgumu kuliko mimi, kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi. Namwambia kama mama: usaili wa kweli hufanywa ofisini, mchana, na kuna watu. Anayekuita hotelini jioni "tuongelee mkataba" hana mkataba. Kudai ngono kwa ajili ya kazi ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Hifadhi ujumbe wake wote. Kumwondoa bila kuhifadhi ni kumpa nafasi ya kwenda kwa binti mwingine.

Anayeomba naye ana wajibu wake. Maombi mengi ninayoyapata hayana neno hata moja, ni jina na picha. Mengine yanasema "Naomba kazi". Mpe mtu sababu. Kwetu mtu huingia kwa hodi na salamu, na akishakaa anajieleza katoka wapi na kaja kwa lipi. Mtandao nao unaruhusu maelezo mafupi kwenye ombi. Akaunti ya bure hupewa herufi zipatazo 200, na kwa maombi machache tu kwa mwezi, kwa hiyo zitumie kwa uliyemchagua vizuri. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nasoma usafirishaji NIT, mwaka wa tatu. Nimesoma ulichoandika kuhusu foleni ya Tunduma. Naomba kuuliza: mizani za njiani huchelewesha magari kuliko mpaka?"

Nilimjibu siku ile ile. "Marahaba mwanangu," nikamwandikia, kisha nikamweleza habari za mizani za Vigwaza na Mpemba, gari likizidisha uzito inakuwaje, na kwa nini dereva anayejua saa za kupita hufika siku moja kabla ya mwenzake. Hakuniomba kazi. Aliuliza tena baada ya wiki mbili, swali zuri kuliko la kwanza. Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, sikutafuta jina lake kwenye rundo la barua, nilikuwa nalo kichwani. Alikaa kwetu wiki nane, na meneja wa yadi alisikitika alipoondoka.

Na kama unayemtaka ni mtu mkubwa mno, mwenye watu wengi wanaomwandikia, huna haja ya kumwomba muungane. Kipo kitufe cha kumfuata tu. Utasoma anayoandika, utachangia panapokuhusu, na siku ukimwandikia jina lako halitakuwa geni kabisa.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa waliokwisha kukaa kwenye viti: mameneja, wahasibu wakuu, wahandisi, wauguzi wakuu, walimu wakuu. Wengi wenu mnaacha maombi ya vijana yalundikane kwa mwaka mzima kwa kuwa hamuwajui. Bila shaka hamuwajui, wazazi wao hawakusoma na ninyi. Fungeni orodha zenu, ondoeni namba zenu za simu, someni wasifu kutoka chini kwenda juu, kisha fungueni maombi yale. Mkikuta kijana amejitambulisha na ameuliza swali la maana, mkubalini, na mjibuni swali lake.